Samansi za Madereva, Kutoka Maretadu Hadi Jorodom

Wenzangu mliobaki kazini, wiki yangu ya mwisho mlinitania kwamba nikiondoka na mkoba wangu madereva watachinja mbuzi. Inawezekana. Mliniomba pia niandike kidogo jinsi kazi ya kupeleka samansi ilivyokuwa kabla yenu, maana siku hizi dereva anatumiwa ujumbe kwenye simu, anasoma kosa lake, anaikasirikia simu. Zamani alinikasirikia mimi. Basi naandika, nikiwa nyumbani Maretadu, ambako magoti yangu yanapenda kukaa kuliko kutembea. Habari za vyeo sitaandika kwa sababu sikuwa navyo, na mshahara mnaujua wenyewe.

Niliingia mahakamani kufagia na kuchemsha chai. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu hayakuwa ya kumwonyesha mgeni. Mpeleka samansi wakati huo alikuwa Mzee Bura, mtu mwembamba mwenye baiskeli nyeusi na koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Asubuhi moja alinikuta nimesimama na ufagio, nasoma majalada ya mafaili mezani kwa karani.

"Felista, unasoma upesi," akasema. "Kutembea je?"

"Natembea, mzee."

"Tutaona."

Kesho yake nilitembea kutoka asubuhi hadi saa nane mchana, yeye akiikokota baiskeli mlimani na kuipanda kwenye mteremko, akinisubiri chini kama mtu aliyekuja kupumzika. Tulikuwa tunampelekea samansi dereva wa trekta aliyeshtakiwa kwa kubeba watu kwenye tela. Tulipofika, dereva alitoka mlangoni ameshika kofia. Nilidhani Mzee Bura atatoa karatasi. Hakutoa. Alisalimia, akauliza habari za mama mwenye nyumba, tukaketi, tukaletewa maziwa ya mgando, tukayanywa. Akauliza maharage yamekubali namna gani mwaka huo. Akamsikiliza dereva akieleza habari ya ng'ombe wake aliyevunjika pembe. Ilipita kama saa nzima ndipo alipoweka kibuyu chini.

"Sasa, kijana wangu, nimekuja na habari yako."

Akaisoma samansi yote kwa sauti, polepole, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kimbulu. Akamwambia mambo matatu: unashtakiwa kwa hili, unatakiwa tarehe hii, usipokuja hakimu anaweza kutoa hati ukamatwe. Akamtaka ayarudie. Dereva akayarudia, akasaini nakala yetu, akabaki na yake.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakumpa pale mlangoni tukaondoka.

"Ningempa mlangoni angekumbuka woga tu," akasema. "Tarehe asingeikumbuka."

Tarehe yule dereva aliikumbuka vizuri sana. Alikuja mahakamani na watu wote aliokuwa amewabeba siku ile ya kosa, waje wamtetee kwamba walipanda kwa hiari yao na walifurahia safari. Walikuja wote, na walikuja kwenye tela hilohilo. Trafiki aliyekuwa ametoka nje kuvuta hewa aliwaona wakiteremka mbele ya mahakama mmoja mmoja, akina mama wakishikwa mkono. Mwendesha mashtaka alisema hana haja ya shahidi mwingine.

Kwa wale mnaoanza, niwaeleze njia ya kesi yenyewe, kwa sababu nimeona hata madereva wa miaka mingi hawaijui. Makosa madogo huishia barabarani: trafiki anaandika taarifa ya kosa, dereva anakubali, anaadhibiwa kwa utaratibu wake, hana haja ya kutuona. Akikana, au kama kuna mtu aliyeumia, faili linafunguliwa. Anaandika maelezo polisi, mara nyingi anaachiwa kwa dhamana, anaambiwa utaitwa. Hapo ndipo penye shimo. "Utaitwa" inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa miezi saba. Dereva anasahau, au anadhani serikali imesahau. Halafu faili linakuja kwetu, hakimu anasaini samansi, na mpeleka samansi anaanza kumtafuta mtu ambaye ameshahama, ameshauza gari, au ameshakufa.

Samansi ina nakala mbili. Moja ya mshtakiwa, moja inarudi na sahihi yake au dole gumba. Unampa mwenyewe. Usipompata baada ya kumtafuta kweli, sheria inakuruhusu kumwachia mtu mzima wa nyumbani kwake, mradi asaini, na mradi uandike hivyo. Kisha unakula kiapo kwamba ulichoandika ni kweli. Kazi yote ya mpeleka samansi iko kwenye maneno hayo machache ya mwisho.

Vifaa vyangu vilikuwa mkoba wa ngozi niliorithi kwa Mzee Bura alipostaafu, kalamu mbili kwa sababu moja hugoma, na pedi ya wino ndani ya mfuko wa nailoni. Harufu ya wino ule naipenda mpaka leo. Wazee wengi hawakujua kuandika, basi nilimshika mzee wa watu kidole gumba, nikakibonyeza kwenye pedi, kisha kwenye karatasi, na wengine walikitazama kile kidole cheusi kwa muda, wakacheka. Nilibeba pia kipande cha sabuni cha kuwanawisha. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilimwona mama mmoja akitaka kukanda unga na wino mkononi, nikaona haya.

Madereva walinijua. Walinipa jina la Mama Samansi. Kuna kondakta aliyekuwa akiniona stendi anapiga bati la basi mara tatu, na dereva wake anakumbuka kwamba ana shughuli upande mwingine wa mji. Mmoja nilimkuta nyumbani kwake amejificha kwenye ghala la mahindi. Mkewe aliniambia amesafiri. Nikaketi, nikapewa uji, tukazungumza, na wakati huo wote mahindi yalikuwa yakipiga chafya. Nilimsomea samansi yake nikiwa nimekaa palepale kibarazani, kwa sauti kubwa, na nilipomaliza mkono ulitokeza mlangoni kuomba kalamu.

Nayakumbuka haya kwa furaha. Asubuhi za ukungu kwenye mteremko, ngano ya tambarare ikiinama, punda wanaopanda na magunia, watu wanaokuita uingie kabla hawajajua umekuja na nini. Nilitembea nchi yangu yote kwa sababu ya makosa ya watu wengine.

Sasa nifike Dirma, habari ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu mwanzo kama mtu anayeogopa mbwa wa boma.

Kule Dirma alikuwako dereva aliyeitwa Gidamis, Mbarabaigi, aliyeendesha lori dogo la kubeba ng'ombe kwenda minadani. Katika ukoo wao alikuwa wa kwanza kushika usukani. Baba yake, mzee wa mifugo mingi, alipinga kwanza, akisema ng'ombe ana miguu yake. Baadaye alizoea, na siku za mnada watu walimwona amekaa mbele kwenye lori, fimbo katikati ya magoti, akitazama barabara kana kwamba ndiye anayeendesha.

Asubuhi moja ya ukungu, kwenye mteremko, Gidamis alimgonga mwalimu aliyekuwa kwenye baiskeli, akamvunja mguu. Alimbeba mwenyewe mpaka hospitali. Kisha akaenda mwenyewe polisi. Akaandika maelezo, akaachiwa, akaambiwa utaitwa. Miezi ikapita. Faili likafika kwetu, kosa likiwa kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha, na samansi ikatoka ikiwa na jina lake.

Mara ya kwanza nilipokwenda niliambiwa yuko mbali na mifugo. Mara ya pili ilikuwa masika. Pikipiki ya ofisi ilikuwa imeharibika, nikapata lifti mpaka njia panda, nikatembea na viatu mkononi. Nilipofika mtoni, mto ulikuwa umejaa. Maji ya rangi ya matofali, yanabeba miti. Ng'ambo niliona boma lao waziwazi, na moshi. Nilisimama pale tangu saa tatu hadi saa sita. Maji hayakupungua. Kesi ilikuwa imebakiza siku tatu.

Kando yangu alikuwapo mwanamume mmoja mwenye shuka jeusi, naye akisubiri kuvuka.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Gidamis, dereva."

"Ni ndugu yangu. Nipe, nitampa."

Nikampa. Sikumuuliza jina lake. Sikumsainisha. Aliikunja samansi, akaichomeka kiunoni ndani ya shuka, nami nikageuka nikarudi. Ofisini nilikuta karani anasubiri nakala ili afunge faili la siku ile. Nilikuwa nimelowa, nina njaa, na nilijua nikiandika ukweli nitarudishwa Dirma kesho yake. Nikaandika: "Nimempa mshtakiwa mwenyewe mkononi, amekataa kusaini." Nikaapa. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Ile karatasi sijui mpaka leo ilikwenda wapi. Labda ilichukuliwa na maji yule bwana alipovuka. Labda alikuwa mkweli kabisa. Siwezi kumlaumu mtu ambaye hata jina sikumwandika.

Siku ya kesi Gidamis hakuja. Hakimu akasoma kiapo changu, akatoa hati ya kukamatwa. Walimkamata mnadani mchana kweupe, mbele ya baba yake na wazee wenzake baba, wakamfunga pingu akiwa bado ameshika kamba ya ng'ombe wa mtu. Alipoletwa mahakamani mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu, mafaili mapajani.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nilimpeleka mwalimu hospitali. Polisi nilikwenda kwa miguu yangu. Ningeitwa, ningekuja."

"Uliitwa," hakimu akajibu. "Kuna kiapo hapa. Ulipewa mkononi ukakataa kusaini."

"Sijaona karatasi. Aliyenipa asimame nimwone."

Hakimu aliona huo ni ujeuri. Sikusimama. Mafaili yalikuwa mapajani mwangu na mikono yangu juu ya mafaili, na sikusimama. Dhamana ikakataliwa kwa sababu ameonyesha hawezi kutii wito, akapelekwa mahabusu kwa siku kumi na nne.

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwa Mzee Bura. Alikuwa amestaafu, amekaa uani anapukuchua mahindi. Nilimweleza yote. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe, akalitupa, akachukua jingine.

"Kwa hiyo mtu yuko ndani kwa mwandiko wako."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe umekuja kwangu."

"Ndiyo."

"Umepotea njia. Mimi sina ufunguo wa mahabusu."

Nilitoka nimeamua kwamba Jumatatu asubuhi nitaingia kwa hakimu. Jumatatu niliingia, nikaulizwa nataka nini, nikasema nimeleta mafaili. Jumanne vivyo hivyo. Nilikuwa mjane tayari, nina watoto watatu shuleni, na kila nilipofika mlango ule niliwaona wamesimama wamevaa sare. Nawaambia hivyo ili mjue woga unavyofanana na sababu nzuri. Jumatano hakimu alisafiri kwa kikao.

Alhamisi mke wa Gidamis alikuja ofisini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alisimama mbele ya meza ya karani, akasema kwa Kiswahili cha kutafuta neno moja moja kwamba baba wa mume wake amefariki, wanazika leo, na anaomba mtoto aje azike baba yake, halafu wamrudishe, hata kwa pingu. Karani alimweleza kwa upole kwamba hakimu hayupo mpaka kesho na mwingine hawezi kutoa amri hiyo. Yule mama alikaa chini sakafuni, palepale. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya kabati na dirisha. Nilimletea maji. Aliyapokea kwa mikono miwili, akaniambia asante.

Ijumaa nilimsubiri hakimu mlangoni kabla hajafungua.

"Mheshimiwa, kiapo cha samansi ya Gidamis si cha kweli. Sikumpa. Sikumwona kabisa."

Alinitazama. Alikuwa bado ameshika funguo.

"Unajua unachosema ni kosa la jinai?"

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku niliyoandika."

"Na tangu Jumatatu unaingia humu na kutoka. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naogopa, mheshimiwa."

Akaingia, akavua miwani, akaiweka juu ya meza. Akanipa karatasi tupu. "Kaa hapo. Andika kwa mkono wako mwenyewe yote yaliyotokea. Usiache hata jambo dogo."

Kwa hiyo hata viatu nilivyobeba mkononi vimo kwenye faili lile.

Gidamis aliletwa siku ileile. Safari hii nilisimama. Hakimu alinitaka nirudie mbele ya watu wote, nikarudia. Gidamis alikuwa ameshapata habari za baba yake kwa mke wake, pale kwenye korido. Alinitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Hakuwa amewahi kuniona popote, na kosa langu ndilo hilo.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye," hakimu akasema.

"Baba wamemzika jana," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Akaachiwa kwa dhamana. Mimi nilipewa barua ya onyo kali baada ya kuhojiwa, nikaondolewa kwenye samansi, nikawekwa masjala mwaka mzima kupanga mafaili ya zamani. Wenzangu waliniambia nina bahati. Nilijua hivyo. Niliipokea ile adhabu ndogo kama nguo ya mtu mwingine, hainitoshi.

Kiangazi, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda Dirma bila karatasi yoyote. Niliwabebea sukari, na ugoro kwa ajili ya mama yake Gidamis. Mto ulikuwa mchanga mtupu, nikavuka bila kuvua viatu. Gidamis alinipokea mlangoni mwa boma, hakunifukuza, hakunikaribisha pia, alinitangulia tu. Mama yake alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba, amevaa vazi lake la ngozi, mwanamke mdogo wa umbo mwenye macho makali. Hakujua Kiswahili. Gidamis akawa mkalimani wetu, na ilikuwa kazi ngumu kwake, kunitafsiria mimi.

Nilisema nimekuja kuomba radhi. Nikaeleza: samansi ni nini, kiapo ni nini, niliandika nini. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza.

"Anauliza, siku hiyo wewe ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Pale kwenye ukingo."

"Anauliza, mto ulikuwa umejaa?"

"Ulikuwa umejaa, mama. Nilishindwa kuvuka."

Mama aliongea kwa ufupi. Gidamis akatafsiri.

"Anasema, basi ungeandika mto."

Nimesikia hukumu nyingi, zenye vifungu na kurasa. Ile ndiyo niliyoishika. Ningeandika mto. Ningeandika tu "mto umejaa, sikumpata," hakimu angeahirisha, na mtu angemzika baba yake.

Mama alichukua ugoro. Sukari aliwapa wajukuu. Hakuna aliyesema nimesamehewa, nami sikuuliza.

Kesi yenyewe iliisha mwaka uliofuata. Mwalimu alikuja na fimbo yake ya kutembelea, akasema mbele ya hakimu kwamba baiskeli yake haikuwa na breki, kwamba katika ukungu ule yeye ndiye aliyehamia upande wa lori, na kwamba dereva angeweza kukimbia lakini hakukimbia. Gidamis akaachiwa huru. Akarudi kwenye lori lake. Hatukuwa marafiki. Lakini barabara yetu ni moja, na akinikuta natembea kwenye mvua alisimamisha, akafungua mlango, akanifikisha nilikokuwa naenda bila neno. Mara ya tatu au ya nne alisema neno. Aliniuliza kama nimekula.

Waliponirudisha kwenye samansi, nilianza kuandika mto. Nendeni masjala mkatazame nakala zangu, mtacheka, kama walivyocheka makarani wa wakati ule. "Nimefika, mbwa wakali, nimerudi." "Mshtakiwa yuko harusini, amelewa, nimeona haifai kumsomea, nitakwenda kesho." "Gari limeuzwa mara tatu, jina kwenye kadi ni la marehemu, nimeonyeshwa kaburi." Hakimu mmoja mgeni aliniita akaniuliza kama natunga hadithi. Nikamwambia hapana, mheshimiwa, natoa taarifa. Akasoma tena, akaahirisha kesi.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa Katesh. Pikipiki na bajaji zilikuwa zimejaa mji, na samansi zikafanana nazo kwa wingi. Kulikuwa na dereva wa bajaji wa Jorodom, jina lake Emanueli, ambaye alishtakiwa kwa kuzidisha abiria na kumkatalia trafiki taarifa ya kosa. Kijana mcheshi, mwenye mbio. Nilimtafuta miezi miwili. Aliujua mwavuli wangu. Nikitokea juu yeye anashuka, nikishuka yeye ana abiria wa haraka wa kwenda upande wa pili, na mara moja alinipita nimesimama kando ya barabara akanipungia mkono. Kwenye nakala niliandika: "Nimemwona. Amenisalimia. Hakusimama."

Kisha mlima ukashuka. Ninyi mlikuwapo, sina haja ya kuwasimulia matope yale, mawe, na miti iliyokuja imesimama. Nilikuwa na ndugu wa marehemu mume wangu upande ule, nikaenda kuwatafuta. Niliwapata, wazima. Walikuwa wamehifadhiwa kwenye jengo la shule pamoja na watu wengine wengi, magodoro yamepangwa darasani, ubao bado una hesabu za watoto.

Nikiwa natoka, mtu aliniita.

"Mama Samansi! Shikamoo."

Alikuwa Emanueli. Amevaa suruali ya msaada iliyomzidi, ameifunga kwa kamba. Matope yalikuwa yamekauka kwenye nywele zake.

"Marahaba, mwanangu. Mko wazima kwenu?"

"Mke na mtoto wako hapa. Mama yuko hospitali, anaendelea. Nyumba hakuna. Bajaji hakuna."

"Pole, baba. Pole sana."

Tulisimama. Yeye akautazama mkoba wangu.

"Ile karatasi yangu unayo?"

"Leo sijaja kwa kazi, Emanueli. Usijali hilo. Nitaandika hali ilivyo, hakimu ataelewa, kesi itasogezwa."

"Najua. Nauliza, unayo?"

Nilikuwa nayo. Ilikuwa imekaa mkobani wiki nyingi hata pembe zimelegea. Nikaitoa kwa kusitasita, na nikaanza kumwambia tena kwamba hana haja ya kuipokea siku ile.

"Mama, nipe," akasema. "Leseni imekwenda. Kitambulisho, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mtoto, vyote vimekwenda. Asubuhi walikuja kuandikisha watu, wakaniuliza una karatasi gani ya kuonyesha jina lako. Nikasema sina. Hiyo hapo ina jina langu. Majina matatu yote?"

"Yote matatu. Na kijiji, na mahali unapoishi."

Akaipokea. Aliisoma yote, kosa lake pia, midomo ikisogea. Kisha tukaketi kwenye benchi la wanafunzi, nikamsomea kwa sauti kama nilivyofundishwa, ingawa alikuwa amekwisha kuisoma, na watu wa magodoro ya jirani wakasikiliza. Nikampa kalamu. Ya kwanza iligoma, nikampa ya pili. Akasaini nakala yangu taratibu, akaandika jina lake lote badala ya sahihi.

"Tarehe ngapi vile?" akauliza.

Nikamwambia.

Siku ya kesi yake nilifika mahakamani mapema. Alikuwa ameshafika, amekaa peke yake kwenye benchi la nje, karatasi ameishika kwa mikono miwili, ameinyoosha juu ya magoti isikunjike.